KUTENDA KWA KUWA NI WAJIBU: NGUVU YAKE NA UDHAIFU WAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu iliyopita kijana mmoja anayesoma chuo kikuu alituuliza suala ambalo halifai kupitwa. Alisema: "Sheikh, tumesomeshwa khabari za mwanafalsafa wa Kizungu aliyesema kwamba mtu hana ruhusa ya kusema uwongo hata kwa muuaji aliyekuja mlangoni kumtafuta rafiki yake. Je, huyu si mkali kuliko sisi, tunaoambiwa kila siku kwamba dini yetu ni amri na makatazo matupu?" Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mimi sikucheka, kwani suala hilo lilinigusa pahali ninapopajua, nami nitapaeleza mbele. Nilimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi ili faida iwafikie na wasiokuwapo. Hili ndilo jawabu.

Njia mbili za kupima kitendo

Watu wanapotaka kujua kama kitendo ni chema au ni kiovu, huwa na njia mbili kubwa. Wa kwanza hutazama mwisho wake: kimeleta faida gani, na kimeondoa dhara gani? Hii ndiyo njia waliyoishika Waingereza wawili mashuhuri, Jeremy Bentham (1748–1832) na John Stuart Mill (1806–1873). Wa pili hutazama kitendo chenyewe na wajibu ulio nyuma yake: je, jambo hili linanipasa, au nimekatazwa? Likinipasa nitalitenda ijapokuwa lina khasara kwangu; na nikiwa nimekatazwa nitaliacha ijapokuwa lina faida.

Bingwa wa njia hii ya pili katika Wazungu ni Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka 1724 katika mji wa Königsberg, uliokuwa wa Prussia na ambao leo umo katika Urusi na unaitwa Kaliningrad. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Kant alisomesha katika mji huo huo mpaka uzee wake, na akafa mwaka 1804. Mwaka 1785 alitoa kitabu kidogo juu ya misingi ya tabia njema, na hicho ndicho kinachosomeshwa mpaka leo.

Muhtasari wa maneno yake ni huu. Kitu kilicho chema bila ya sharti yoyote ni nia njema peke yake. Akili, ushujaa, mali na afya vyote vyaweza kutumiwa kwa uovu, na mwizi mwenye akili ana khatari kuliko mwizi mpumbavu. Nia njema ni ile inayotenda jambo kwa kuwa ni wajibu, si kwa sababu ya tamaa wala khofu. Na wajibu hujulikana kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza: jiulize kama ungeridhia kwamba kanuni unayoifuata wewe iwe ni sharia ya watu wote. Mizani ya pili: usimtumie mwanadamu, wewe mwenyewe wala mwenzako, kama chombo tu cha kufikia haja yako, bali mtazame daima kuwa ana heshima yake mwenyewe. Vitu vina bei, na kitu chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kingine. Mwanadamu hana bei.

Nguvu ya njia hii

Kwanza, inatenganisha wema na biashara. Kant alipiga mfano wa muuza duka ambaye hamzidishii bei mnunuzi asiyejua, hata akija mtoto mdogo hununua kwa bei ile ile wanayonunua watu wazima. Mtu huyu ametenda haki, lakini kwa nini? Huenda ikawa ni kwa kuwa anaogopa kuharibikiwa na jina lake. Basi siku atakapopata yakini kwamba hapana atakayejua, atapunja. Ndugu zangu, mfano huu ni wa madukani mwetu. Yule anayejaza kibaba sawasawa kwa kuwa mteja anamtazama, na yule anayekijaza sawasawa akiwa peke yake nyuma ya pazia, mkononi mwa mteja vibaba vyao ni sawa, lakini watu hawa si sawa. Nasi hatukuhitaji kwenda Königsberg kuyajua hayo, kwani mlango wa kwanza wa vitabu vyetu ni mlango wa nia, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali huhisabiwa kwa nia zake. Walakini ni jambo la kufurahisha kuona kwamba mtu wa mbali, kwa kutumia akili yake, amebisha hodi kwenye mlango huo huo.

Pili, inamzuia mtu kujipendelea. Kant alitoa mfano wa mtu aliyebanwa na dhiki akataka kukopa, naye anajua kwamba hatalipa, lakini anaahidi kulipa. Ukiitia kanuni yake katika mizani ya kwanza, yaani kila mwenye dhiki na aahidi asichokusudia kutimiza, utaona inajivunja yenyewe, kwani pasingebaki mtu wa kusadiki ahadi wala wa kukopesha. Mwongo hataki kila mtu awe mwongo. Anataka watu wote wawe wakweli, illa yeye peke yake awe na ruhusa. Nasi twamjua mtu huyu; kila mtaa unaye.

Tatu, inamlinda mnyonge. Anayehisabu faida tu aweza kusema: watu wachache wakiteswa ili wengi wapate nafuu, hisabu imeingia. Haya si mambo ya kubuni. Katika Marekani, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972, idara ya serikali ya afya iliwafanyia uchunguzi wanaume weusi wapatao 600 katika jimbo la Alabama, karibu na mji wa Tuskegee. Wapatao 400 kati yao walikuwa na maradhi ya kaswende. Hawakuambiwa maradhi yao kwa jina lake, bali waliambiwa kwamba wana "damu mbaya". Na dawa ya penisilini ilipokuwa imekwisha kuenea, katika miaka ya 1940, walinyimwa, ili waganga waone maradhi yatakavyowamaliza. Hujja iliyotumiwa ilikuwa ni faida ya elimu. Watu wale walifanywa vyombo. Mwenye kushika wajibu hahitaji kungoja hisabu ya faida itolewe ndipo aseme kwamba hili ni dhulma. Halikadhalika, baada ya waganga wa Kijarumani kuhukumiwa katika mji wa Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, hukumu ya mwaka 1947 iliweka sharti la kwanza la majaribio yoyote juu ya mwanadamu kuwa ni ridhaa yake mwenyewe.

Nne, haimdai mtu elimu ya ghaibu. Anayehukumu kwa matokeo peke yake hapana budi ajue kesho italeta nini, na kesho haijui illa Mwenyezi Mungu. Ni wangapi waliodanganya kwa kudhani wanaleta kheri, wakaleta fitina? Wajibu humwambia mtu: tenda lililokupasa leo, na mwisho wake uko kwa Mola wako.

Udhaifu wake

Sasa tumgeukie yule muuaji mlangoni. Mwaka 1797 Mfaransa Benjamin Constant alimpinga Kant akisema kwamba wajibu wa kusema kweli ukichukuliwa bila ya mpaka, watu hawataweza kuishi pamoja. Na kwamba kweli ni wajibu kwa yule tu mwenye haki nayo. Kant akamjibu mwaka huo huo, wala hakurudi nyuma. Alisema kwamba ikiwa huna budi kujibu ndiyo au siyo, basi yapasa useme kweli hata kwa muuaji. Hujja yake ni kwamba ukisema kweli, lolote litakalotokea si lako. Lakini ukisema uwongo kwamba rafiki yako hayumo, kumbe ametoka kwa nyuma bila ya wewe kujua, na muuaji akakutana naye njiani, hapo wewe utakuwa na sehemu katika kifo chake.

Ndugu zangu, nilisema kwamba suala hili lilinigusa. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, jirani yetu mmoja alikuja mbio akaingia kwetu kwa mlango wa uani, amevimba uso, anamkimbia mumewe. Mama akamtia chumba cha ndani, kisha akatoka kwenda kumwita kaka wa yule mwanamke. Akaniacha mimi barazani. Mume akaja. Hakuja kwa makelele, alikuja kwa upole, akaniuliza: "Mwanangu, mke wangu yumo humu?" Wiki ile ile maalim wetu chuoni alikuwa ametusomesha ubaya wa uwongo, na kwamba ni katika alama za mnafiki. Nikamjibu: "Naam, ami, yumo ndani." Akanipita. Mama aliporudi na kaka mtu, yule mwanamke alikuwa amekwisha kuvunjwa mkono.

Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Alinitazama tu, na mtazamo ule sijausahau mpaka leo. Jioni nilikwenda kwa maalim nikamwambia, huku nalia, kwamba nilitenda alivyotufundisha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, kosa si lako peke yako, ni langu pia. Nilikufundisha hukumu, sikukufundisha mahali pake. Kweli ni amana, na amana ya mtu hapewi anayekuja kumdhulumu."

Miaka mingi baadaye nilipofika kwenye vitabu vikubwa niliyaona maneno ya maalim yana asili. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijriya, yaani 1277), naye ndiye nguzo ya madhhebu yetu ya Shafi, ameeleza katika Riyadhus Salihina kwamba Mwislamu akijificha kwa kumkimbia dhalimu anayetaka kumuua au kuchukua mali yake, na mtu akaulizwa khabari zake, basi ni wajibu kumficha kwa uwongo. Na la hadhari zaidi ni kutumia maneno yenye maana mbili, ambayo msemaji anakusudia maana iliyo ya kweli. Na kabla yake Imam Ghazali (aliyefariki 505, yaani 1111) alikwisha kubainisha kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema linaloweza kufikiwa kwa kweli, ni haramu kulifikia kwa uwongo. Na lisiloweza kufikiwa illa kwa uwongo, hukumu ya uwongo ule hufuata hukumu ya kusudio lenyewe. Kuihifadhi damu ya mtu ni wajibu, basi na njia yake ni wajibu.

Huu ndio udhaifu wa kwanza: wajibu mbili zikigongana, mwenye kuzifanya zote kuwa hazina mpaka hana la kufanya. Kweli ni wajibu, na kumlinda aliyekimbilia kwako ni wajibu. Mizani ya Kant hainipi daraja zake.

Udhaifu wa pili ni kwamba neno "wajibu" hukaa vizuri katika kinywa cha kila anayeamrisha. Mwaka 1961 Adolf Eichmann, Mjarumani aliyesimamia safari za kuwapeleka Mayahudi kuuawa, alihukumiwa katika Jerusalem. Alidai kwamba maisha yake yote aliishi kwa kufuata mafunzo ya Kant juu ya wajibu. Bi Hannah Arendt, aliyehudhuria na kuandika kitabu mwaka 1963, ameeleza kwamba Eichmann alipobanwa alikiri kwamba tangu alipopewa kazi ile ya mauaji aliacha kumfuata Kant, na kujiliwaza kwamba yeye si bwana wa vitendo vyake. Insafu inatupasa kusema kwamba Kant hana hatia hapa. Wajibu wake ni ule unaopimwa na akili ya mtu mwenyewe, si amri ya mkubwa, na mizani yake ya pili ingemzuia Eichmann siku ya kwanza. Lakini somo labaki: mtu aliyezoeshwa kutii bila ya kuuliza anayeamrisha ni nani na anaamrisha nini, ni rahisi kutumiliwa. Ndiyo maana Mtume wetu (S.A.W.) aliuwekea utii mpaka, kwamba hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Udhaifu wa tatu ni ukavu. Kant alisema kwamba anayewasaidia watu kwa kuwa moyo wake hufurahi, kitendo chake chapendeza na chastahiki kusifiwa, lakini hakina thamani ya kweli ya tabia; thamani huonekana kwa yule ambaye moyo wake umekufa kwa huzuni zake, na bado akasaidia kwa kuwa ni wajibu. Kuna haki katika maneno haya, kwani huruma huja na kwenda, na anayesaidia siku za furaha tu hategemewi. Lakini mgonjwa akijua kwamba umekuja kumtazama kwa kutimiza wajibu tu, atafurahi nini? Kwetu sisi wajibu ni ngazi ya kupandia. Mtu huanza kwa kujilazimisha, na mwisho wa ngazi ni kuipenda kheri yenyewe.

Udhaifu wa nne umo katika maneno ya kanuni. Mizani ya kwanza hutegemea jinsi mtu anavyoisema kanuni yake. Mjanja aweza kuikata kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, aseme: "Kila aliye katika hali kama yangu hasa, na afanye hivi." Hegel, Mjarumani aliyekuja baada ya Kant, alimlaumu kwa jambo linalokaribia hili, kwamba kanuni yake ni chombo kitupu. Na Waislamu tusijione tumesalimika. Yule anayempa mkewe mali yake kabla ya mwaka kutimia, kisha akarudishiwa, ili zaka isimpate, ameshika maneno ya wajibu na ameutupa moyo wake.

Na la tano tulitaje bila ya kulificha. Kant yule yule aliyesema kwamba mwanadamu hana bei, katika kitabu chake cha mwaka 1764 aliandika maneno ya kuwadharau watu weusi. Ni kweli kwamba katika kitabu chake juu ya amani, cha mwaka 1795, aliwalaumu vikali Wazungu kwa dhulma walizowafanyia wenyeji wa nchi walizoziendea, na kwa utumwa wa visiwa vya sukari. Lakini alikuwa amekwisha kutuonyesha kwamba mtu aweza kuwa na kanuni iliyonyoka, na jicho lake likashindwa kuona ni nani anayeingia ndani yake. Tusiwe wepesi wa kucheka. Tujiulize sisi tulipowahi kukitimizia wajibu chetu cha karibu, tukamsahau mtumishi wa nyumbani mwetu.

Dawa ya udhaifu, na khatari ya dawa

Mskoti W. D. Ross, katika kitabu chake cha mwaka 1930, alijaribu kuitengeneza njia hii. Alisema kwamba wajibu si mmoja, bali ni aina mbalimbali: kutimiza ahadi, kufidia ulichoharibu, kushukuru, kufanya uadilifu, kutenda wema, kujitengeneza nafsi, na kutodhuru. Kila mmoja wafunga mpaka ugongane na wenye nguvu kuliko huo. Na ulioshindwa haufi, bali huacha deni la kufidia.

Wanavyuoni wetu walikwisha kuitengeneza njia hii zamani. Walipanga maslaha kwa daraja: ya dharura, kisha ya haja, kisha ya kupendezesha. Na katika yale ya dharura wakataja kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Imam Shatibi wa Granada (aliyefariki 790, yaani 1388) aliyafafanua haya katika Al-Muwafaqat, na akasisitiza kwamba mufti hapana budi atazame vitendo vitaishia wapi kabla ya kutoa hukumu. Basi twaona kwamba sharia imekusanya njia zote mbili: wajibu ndio nguzo, na mwisho wa mambo ndio jicho la anayeisimamisha.

Lakini dawa hii nayo ina sumu ukizidisha kipimo. Siku hizi kila anayetaka kula riba husema "dharura", na kila anayetaka kuficha hisabu za msikiti husema "maslaha". Dharura ina masharti: iwe imepatikana kweli, si ya kudhaniwa, pasiwe na njia ya halali, na kichukuliwe kiasi cha kuondoa dhara tu, wala kisizidi. Mtoto aliyeambiwa kwamba uwongo hufaa panapo haja atadanganya kila siku. Na mtoto aliyeambiwa kwamba haufai kabisa aweza kufungua mlango kama nilivyoufungua mimi. Kazi ya mwalimu ni kumpa vyote viwili, hukumu na mahali pake.

Basi kwa kijana wetu nasema: Kant ni mkali kuliko wanavyuoni wetu katika mlango ule, na ukali wake una asili njema, kwani alichelea mtu asiifungulie nafsi yake vijia vya kutorokea. Mchukulie hicho. Lakini usisahau kwamba nyuma ya mlango yuko mtu.

Na kila unapotatizwa, jiulize mambo matatu. La kwanza: ningeridhia kwamba kila mtu atende hivi, na mimi nikiwa upande wa pili? La pili: anayenidai wajibu huu ana haki nao? La tatu: nikivunja huu kwa ajili ya ule, ni nani atakayelipa, na mimi nitamfidia vipi?

Yule jirani yetu mkono wake uliunga, lakini haukunyooka. Alirudi kwa nduguze, akaishi kwa kushona kofia. Nilipokuwa mkubwa nilimwendea nikamwomba msamaha. Akaniambia: "Mwanangu, wewe ulisema kweli. Wasiosema neno ni watu wazima wa mtaa mzima, nao walikuwa wakinisikia nikilia miaka saba." Nimelileta neno lake hili mwisho kwa makusudi, kwani sisi sote tuliokaa barazani twajisifu kwamba hatusemi uwongo, na hatujiulizi ni wajibu gani tulioupita kimya kimya tukielekea msikitini.

Darsa ijayo, insha Allah, tutazungumza juu ya ushahidi: lini ni wajibu kuutoa, na lini inapendeza kusitiri. Wasomaji na waje na masuala yao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wallahu aalam.